Sensa mbadala ya tangi la dizeli kwa trekta dogo: vipimo vya kabla ya kuifunga na baada yake

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitumia sensa mbadala ya tangi la mafuta, niliyoinunua ili kuondoa hitilafu ya geji katika trekta langu dogo la dizeli, na naona nimeshaijua vya kutosha kuieleza kwa haki. Ni sensa ya mkono na boya, ya aina inayotengenezwa ili ifae mitambo mingi tofauti, wala si ile inayotoka kwa mtengenezaji wa trekta lenyewe. Ni kifaa kizuri chenye kasoro mbili: moja ni ndogo na hurekebishwa kwa muda wa nusu saa, na nyingine haiondoki, ila ukiielewa kabla ya kununua haitakusumbua. Hata hivyo, nimegundua kwamba watu wengi wanaokilaumu kifaa hiki walikifunga kwenye trekta ambalo ugonjwa wake haukuwa kwenye sensa, na ndiyo maana sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu vipimo vilivyonifikisha kwenye uamuzi wa kununua.

Wapo wanaosema kwamba geji ya mafuta si kitu cha kuhangaikia, kwa kuwa mtu anaweza kufungua kifuniko cha tangi akachungulia. Siafikiani nao. Kwenye matrekta madogo mengi tangi limejificha chini ya kiti au chini ya boneti, na shingo yake imepinda, hivyo anayechungulia haoni ila giza. Isitoshe, injini ya dizeli haiishiwi mafuta bila kulipiza. Tangi likikauka, hewa huingia kwenye mirija, ikapita kwenye chujio na kufika kwenye pampu, na hata ukishaongeza mafuta injini haitawaka mpaka mfumo utolewe upepo: unalegeza skrubu ya juu ya chujio, unasukuma mafuta kwa pampu ya mkono kama ipo, na katika mitambo isiyojitoa upepo yenyewe unalegeza pia nati za mirija inayokwenda kwenye nozeli, huku mtu mwingine akipiga stata kwa sekunde zisizozidi 10 kila mara na kuipumzisha kabla ya kurudia. Zaidi ya hayo, maji na uchafu hutuama chini ya tangi, na anayezoea kufanya kazi na mafuta ya mwisho huipelekea chujio yake kile kilichopaswa kubaki kimetulia. Nimeshayapitia hayo yote siku moja, katikati ya kazi, na mshale wa geji ukiwa umenionyesha asubuhi hiyo kwamba tangi lina zaidi ya nusu.

Hitilafu ilianza polepole. Mwanzoni mshale ulikuwa sahihi tangi lilipojaa, ukashuka vizuri hadi karibu na nusu, kisha ghafla ukaanguka mpaka kwenye alama ya tupu. Trekta likipita kwenye tuta au shimo, mshale huo huo ukainuka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Baada ya wiki kadhaa ulilala kabisa kwenye alama ya tupu na haukuinuka hata nilipojaza tangi mpaka shingoni.

Fundi wa kwanza niliyemwita alisikiliza maelezo yangu, akatazama dashibodi, akasema geji imekufa. Hakushika mita wala hakuinama kutazama tangi. Geji mpya ilipofungwa, mshale wake ulilala pale pale ulipolala ule wa zamani, na nikabaki na geji mbili nzima na tatizo lile lile. Simtaji, na silengi kumchafulia kazi mtu. Nalitaja jambo hili kwa sababu limekuwa kawaida mno. Mshale ndio unaoonekana kukosea, basi ndio unaohukumiwa, ilhali mshale hauna habari yake yenyewe, bali unaeleza kile unacholetewa na waya.

Mfumo wenyewe ni mwepesi kueleweka. Ndani ya tangi kuna boya, ambalo mafundi wengi huliita floti, lililoshikwa na mkono mwembamba wa chuma. Mkono huo ukipanda na kushuka, ncha ndogo ya chuma hutambaa juu ya utepe wenye ukinzani wa umeme, na kadiri mafuta yanavyopungua ndivyo ukinzani unavyobadilika. Umeme wa volti 12 hutoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi na swichi ya ufunguo, ukaingia kwenye geji, ukateremka kwa waya mmoja hadi kwenye sensa, kisha ukarudi kwenye betri kwa njia ya waya wa ethi. Kwenye tangi la chuma ethi huweza kupitia mwili wa tangi, lakini matangi ya matrekta madogo ya siku hizi kwa kawaida ni ya plastiki, kwa hiyo sensa haina njia nyingine ya kurudishia umeme ila waya wake maalumu unaofungwa kwenye chasisi. Waya huo hupita chini, mahali penye matope, maji na panya, na ndio wa kwanza kuharibika. Ningependa kila mwenye trekta aujue ulipo kabla hajaujua ubaya wake.

Geji nazo haziko za aina moja. Zipo za zamani zinazofanya kazi kwa joto: umeme hupasha koili, koili ikapasha bamba la metali mbili zisizotanuka sawa, bamba likapinda na kuusukuma mshale. Utazitambua kwa uvivu wao, kwa maana ukiwasha ufunguo mshale hupanda taratibu kama unaopanda ngazi. Geji za namna hii mara nyingi hulishwa na kifaa kidogo cha kutuliza volti, ambacho huilisha pia geji ya joto la maji. Kwa hiyo geji zote mbili zikikosea kwa wakati mmoja, usihangaike na tangi, kamtazame huyo mlishaji. Aina ya pili hutumia sumaku na koili, na mshale wake huruka mahali pake mara moja. Trekta langu lina geji ya joto, na geji ya maji ilikuwa ikisoma vizuri siku zote. Hilo peke yake lilitosha kuniambia kwamba fyuzi, swichi na mtuliza volti ni wazima, kabla sijafungua skrubu hata moja.

Kipimo cha kwanza nilichofanya hakihitaji hata mita. Nilichomoa plagi ya waya kwenye sensa, nikawasha ufunguo bila kuwasha injini, nikatazama mshale. Katika mfumo wa trekta langu, ambao ni ule unaotumika sana kwenye mitambo ya Kijapani, ukinzani mkubwa maana yake ni tangi tupu na ukinzani mdogo maana yake ni tangi lililojaa. Kwa hiyo waya ukiwa umechomolewa mshale hulala, na waya ukiunganishwa na ethi mshale hupanda. Badala ya kuugusisha waya kwenye ethi moja kwa moja, niliweka katikati balbu ndogo ya wati 3.4, kwa sababu geji ya joto ikipewa umeme bila kizuizi kwa muda mrefu huweza kuungua koili yake. Balbu iliwaka, na mshale ukaanza kupanda pole pole kuelekea alama ya kujaa. Nilisimama pale nikiutazama, nikakumbuka ile geji ya zamani iliyokuwa sandukuni, nzima kabisa, iliyotolewa bila kosa.

Tahadhari moja ni lazima niiseme hapa. Mifumo mingine iko kinyume, yaani waya ukichomolewa mshale hupanda na ukiunganishwa na ethi hushuka, hivyo usimhukumu mshale kabla ya kujua mfumo wako. Jambo lililo kweli katika mifumo yote miwili ni kwamba mshale unaotembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa kipimo hiki unathibitisha kuwa geji na waya wa kutoka kwenye dashibodi hadi kwenye tangi havina tatizo. Ikiwa hautikisiki, ndipo urudi juu kutafuta waya uliokatika au geji iliyokufa.

Kisha nilichukua multimita. Kabla ya kupima ukinzani mdogo kama huu, gusisha ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe na usome zinachoonyesha. Zangu zilionyesha omu 0.3 (omu ni kizio cha ukinzani), na kiasi hicho nikakitoa katika kila kipimo kilichofuata. Nilizima ufunguo, nikaweka ncha moja kwenye kichwa cha ethi cha sensa na nyingine kwenye nguzo hasi ya betri. Waya mzuri ungenipa chini ya omu 1. Nilichokiona ni namba zinazocheza kati ya 90 na 200, zikibadilika kila nilipoutikisa waya kwa kidole. Niliufuata mpaka ulipofungwa kwenye chasisi, nikakuta boliti imefunikwa na unga wa kijani, na waya wenyewe umebakiwa na nyuzi tatu au nne tu chini ya plastiki iliyoonekana nzima. Nilikata sehemu iliyoliwa, nikabana kichwa kipya, nikasugua chasisi kwa msasa mpaka chuma king’ae, nikakaza na kupaka grisi juu yake. Kipimo kilishuka hadi omu 0.4. Nikawasha ufunguo, mshale ukapanda mpaka kwenye alama ya kujaa na kukaa hapo.

Laiti ningeishia hapo, ningeandika kwamba sensa haina haja ya kubadilishwa. Lakini wiki iliyofuata, mafuta yalipofika karibu na nusu, mshale ulianguka kama ulivyokuwa ukianguka mwanzoni kabisa. Hitilafu zilikuwa mbili, moja imejificha nyuma ya nyingine, na ile ya pili ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuzaliwa.

Nilipunguza mafuta kwa kuyanyonya kwa mpira hadi kwenye dumu safi, nikafungua nguzo hasi ya betri, nikapuliza na kufuta vumbi lote kuzunguka mfuniko wa sensa ili lisidondoke ndani, kisha nikalegeza skrubu zake tano na kuitoa. Kazi hii ifanyike mahali penye hewa, mbali na moto na cheche. Dizeli huhitaji kupata joto la nyuzi zaidi ya 50 za Selsiasi ndipo mvuke wake ushike moto, lakini petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na yapo matrekta madogo ya petroli. Mwenye trekta la petroli asiichukue hatua hii kwa wepesi niliouchukua mimi.

Sensa ya zamani niliiweka juu ya kitambaa, nikaunganisha ncha za mita kwenye vichwa vyake viwili, nikaanza kuuinua mkono wa boya taratibu kwa kidole. Nataka msomaji aione picha hii, kwa sababu ndiyo inayothibitisha hukumu. Boya likiwa juu kabisa, mita ilisoma omu 3. Nikaliteremsha: 9, 18, 27, 34. Hapo boya lilikuwa katikati. Nikaliteremsha kidogo zaidi, mita ikapoteza namba na kuonyesha alama ya njia iliyokatika. Nikasogeza milimita mbili, ikarudi 61, ikapotea tena, na kutoka hapo hadi karibu na robo hakukuwa na namba yoyote ya kuaminika. Kisha zikaja 85 na mwishowe 110. Nilipofungua kifuniko kidogo cha pembeni nikaona ule utepe wa ukinzani umesuguliwa na ncha ya chuma mpaka umeacha mfereji mweupe, mahali pale pale ambapo boya hukaa muda mrefu zaidi kwa mtu ambaye, kama mimi, huwa anaongeza mafuta tangi likikaribia robo. Boya lenyewe lilikuwa zima. Nililitikisa sikioni sikusikia mafuta ndani, na nilipolizamisha kwenye maji ya moto halikutoa povu. Lingekuwa limetoboka na kujaa mafuta, lingezama na mshale ungelala kwenye tupu daima, bila kurukaruka.

Basi ndipo nikanunua sensa mbadala. Sasa niiseme yenyewe.

Inauzwa ikiwa na ukinzani wa namna tofauti, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. Ipo ya omu 240 tangi likiwa tupu na omu 33 likijaa, inayolingana na geji za mtindo wa Marekani. Ipo ya omu 10 kwa tupu na 180 kwa kujaa, inayolingana na geji nyingi za Ulaya. Ipo ya 0 hadi 90. Na ipo ya 110 hadi 3, ambayo ndiyo yangu. Sensa isiyolingana na geji kwa kawaida haifi wala haiunguzi kitu, bali itasema uongo kila siku, na pengine kinyumenyume. Kama sensa yako ya zamani bado inasoma kwenye ncha zake mbili, ipime kabla ya kuagiza, kwa sababu ncha mbili zinatosha kukuambia ni ipi ya kununua. Karatasi iliyokuja na kifaa hailisemi jambo hili ila kwa mstari mmoja wenye herufi ndogo sana, na naona huo ni upungufu unaostahili kurekebishwa, maana kwa mnunuzi ni habari muhimu kuliko zote.

Ubora wa vifaa vyenyewe umenipendeza. Bamba la juu ni la chuma kilichopakwa zinki, mkono ni wa waya mgumu usiopinda ovyo, na boya ni la sponji ngumu ya mpira badala ya bati, kwa hiyo halina uwazi ndani wa kutoboka. Mkono unaweza kukatwa na mahali pa mhimili pakashushwa au kupandishwa, na huu ndio uzuri mkuu wa kifaa hiki. Nilipima kina cha tangi kwa kijiti kilichonyooka, nikapanga mhimili ukae takribani katikati ya kina hicho, kisha nikakata mkono ili boya lisimame kiasi cha sentimita moja kutoka chini na sentimita moja kutoka juu. Fanya kipimo hiki mara mbili kabla ya kukata, kwa sababu mkono mrefu kupita kiasi hugonga ukuta wa tangi na kukwama, na sensa iliyokwama haina tofauti na iliyokufa. Angalia pia upande ambao boya litaelekea. Kwenye tangi langu kuna kizuizi cha ndani cha kuzuia mafuta yasichapane, na boya likigeuzwa upande usiofaa linakigusa. Matundu matano ya skrubu hayakuachana sawasawa, jambo linalofanya bamba likubali kukaa kwa namna moja tu, hivyo ni vyema kujaribisha kwanza bila kukaza.

Nilipoipima juu ya kitambaa, kama nilivyoipima ya zamani, ilinipa omu 3.4 juu na 107.6 chini, na katikati ya njia haikupoteza namba hata mara moja. Kwa usahihi wa ncha zake naipa sifa bila kusita.

Kasoro ya kwanza, ile ndogo, ni gasketi. Iliyokuja ndani ya boksi ni nyembamba na ngumu kama karatasi, na siku mbili baada ya kujaza tangi nilikuta unyevu wa dizeli umezunguka bamba na vumbi limeuganda. Nilikata nyingine kutoka kwenye mpira wa naitraili, ambao hauliwi na mafuta, nikaikaza kidogo kidogo kwa kuzunguka skrubu kwa zamu, na tangu hapo pamekauka. Usishawishike kupaka silikoni ya kawaida. Mafuta huilainisha, ikavimba, na vipande vyake huishia kwenye chujio. Waya wa ethi uliokuja nayo pia ni mfupi, hautoshi kufika chasisi kwa tangi lililo mbali, lakini kwa kuwa nilikuwa nimeshautengeneza wangu sikuuhitaji.

Kasoro ya pili ndiyo inayohitaji maelezo. Sensa ya asili ilikuwa na omu 34 katikati, si 56 au 57 ambayo ingekuwa nusu ya njia kati ya 3 na 110. Geji imechorwa kwa kufuata mpindo huo: mshale hukaa kwenye nusu ukinzani ukiwa karibu na 34. Sensa mbadala haina mpindo. Ukinzani wake hupanda sawasawa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na boya likiwa katikati inasoma kati ya 55 na 57. Matokeo yake ni kwamba ncha zote mbili ziko sahihi lakini katikati geji inaonyesha mafuta machache kuliko yaliyopo.

Sikutaka kulisema hili kwa kukisia, hivyo nililimaliza tangi lote, linalobeba lita 30, nikaliweka trekta mahali tambarare, nikaanza kumimina lita 5 kwa kila mara kwa chombo cha kupimia, nikiwasha ufunguo na kungoja dakika nzima mpaka mshale utulie. Lita 5 ziliuinua mshale kidogo tu juu ya alama ya tupu. Lita 10 ziliufikisha karibu kabisa na robo. Lita 15, yaani nusu halisi ya tangi, ziliuacha kwenye thuluthi hivi. Mshale ulifika kwenye alama ya nusu nilipokuwa nimemimina lita 20, na lita 25 ziliufikisha pungufu kidogo ya robo tatu. Lita 30 ziliuweka kwenye kujaa barabara. Kosa lote liko upande wa usalama, kwa maana geji inanihimiza kuongeza mafuta mapema kuliko inavyohitajika, wala hainidanganyi kwamba ninayo wakati sinayo. Kwa trekta la dizeli, na baada ya yale niliyoyapitia, kosa la upande huo naweza kuishi nalo. Asiyeweza kuishi nalo anunue sensa ya mtengenezaji wa trekta lake, yenye mpindo unaostahili.

Watakaouliza kuhusu sensa za bomba, zile ambazo boya lenye sumaku hupanda na kushuka juu ya mrija uliosimama, nawajibu kwamba nimezishika lakini sikuzichagua. Hazina ncha inayosugua utepe, kwa hiyo haziliki kama ilivyolika yangu, na hilo ni jambo kubwa. Lakini urefu wake haukatwi, ni lazima ulingane na kina cha tangi tangu mwanzo, na usomaji wake hupanda kwa ngazi ngazi. Katika tangi langu, ambalo ni pana chini na jembamba juu na lina mteremko upande mmoja, mkono unaoweza kukatwa ulikuwa na faida kubwa zaidi.

Katika kazi ya kila siku, mshale umetulia. Kwenye mteremko hupanda au kushuka kulingana na upande ambao mafuta yameelemea, kama ilivyo kwa sensa yoyote, hivyo ninausoma nikiwa nimesimama mahali tambarare. Siku moja ulianza kusoma juu kuliko kawaida, nikadhani sensa imeshaharibika, kumbe tundu la hewa la kifuniko cha tangi lilikuwa limezibwa na vumbi na tope. Pampu ikivuta mafuta bila hewa kuingia badala yake, plastiki hunywea kwa ndani, na kiwango cha mafuta kikainuka pamoja na boya. Nilipolegeza kifuniko nilisikia tangi likivuta pumzi, likarudi kwenye umbo lake, na mshale nao ukarudi. Tangu siku hiyo kifuniko ni sehemu ya vipimo vyangu, na ni cha kwanza kwa kuwa hakihitaji spana.

Muuzaji nilimwandikia juu ya gasketi na juu ya ile karatasi. Alinijibu kwa adabu, akanitumia gasketi nyingine, safari hii ya mpira, bila kunidai chochote, lakini kuhusu maelezo ya ukinzani hakusema lolote. Gasketi hiyo nimeiweka akiba pamoja na ile geji ya zamani, ambayo nitaifunga kwa mwenye trekta yeyote wa aina kama yangu atakayeihitaji kweli, baada ya kumpimia ethi yake kwanza. Omu za juu, za katikati na za chini za sensa mpya nimeziandika kwa wino usiofutika upande wa ndani wa kifuniko cha fyuzi, ili fundi atakayekuja baada yangu asianzie kwenye dashibodi.